Ufundi wa Ziara ya Uskoti: Ngome za Kifalme, Barabara za Jeshi na Mabonde Yasiyo na Watu

Ziara ya kuongozwa katika Uskoti, ile inayomchukua mgeni asubuhi kutoka katikati ya Edinburgh, ikampitisha kwenye ngome za wafalme, ikamvusha mabonde na maziwa ya Nyanda za Juu na kumrudisha mjini usiku, huonekana kwa abiria kuwa jambo jepesi linalohitaji basi, barabara na mtu wa kueleza. Kwa hakika ziara hiyo ni kazi ya ufundi iliyojengwa kwa tabaka, kila tabaka likiwa na wakati wake na sababu yake, na nyingi kati ya sababu hizo hazikuhusu utalii hata kidogo. Uchambuzi huu unafuata namna tabaka hizo zilivyowekwa na namna zinavyoendeshwa leo, na unashikilia hoja moja: kwamba upande wa ngome umefikia daraja ya juu ya uaminifu kwa mgeni, kwa kuwa mgeni huambiwa wazi kipi ni cha kale na kipi kimeundwa upya, ilhali upande wa mabonde ungali unamwacha aamini kwamba kila anachokiona ni kazi ya maumbile.

Tabaka la kwanza lilikuwa la hadithi. Hadi katikati ya karne ya 18, Nyanda za Juu, yaani eneo la milima la kaskazini na magharibi lililokaliwa na koo zilizozungumza Kigaeli, zilihesabiwa na watu wa miji ya kusini kuwa nchi ya hatari; na baada ya jeshi la koo zilizomuunga mkono Charles Edward Stuart, aliyepigania kuurudishia ukoo wake ufalme, kushindwa huko Culloden tarehe 16 Aprili 1746, serikali ya London ilipiga marufuku hata mavazi yao, marufuku iliyodumu hadi 1782. Aliyeigeuza hofu hiyo kuwa shauku, kuliko mtu mwingine yeyote, ni mwandishi Walter Scott. Utenzi wake The Lady of the Lake, uliotoka mwaka 1810, uliyaweka matukio yake kandokando ya Ziwa Katrine katika eneo la vilima na misitu liitwalo Trossachs, mahali halisi panapofikika kutoka Edinburgh na Glasgow, na wasomaji hawakukawia kumiminika huko ili wakaone kwa macho waliyoyasoma. Hapo ndipo ilipopatikana kanuni ambayo ziara zote za baadaye zimeifuata: mandhari huvutia zaidi yanapotanguliwa na kisa, na kisa hushikika zaidi kinapofungwa mahali ambapo msomaji wa kawaida anaweza kufika.

Scott hakuishia kwenye maandishi. Mwaka 1818 alikuwa mstari wa mbele, kwa idhini ya kifalme, katika kufungua chumba cha Ngome ya Edinburgh ambamo alama za ufalme wa Uskoti, yaani taji, fimbo ya enzi na upanga, zilifungiwa baada ya Bunge la Uskoti kuunganishwa na lile la Uingereza mwaka 1707. Zilikutwa salama ndani ya sanduku, zikaanza kuonyeshwa kwa umma mwaka uliofuata, na zingali kiini cha ziara ya ngome hiyo. Agosti 1822 akakabidhiwa kupanga mapokezi ya Mfalme George wa Nne, mfalme wa kwanza aliye madarakani kukanyaga ardhi ya Uskoti tangu katikati ya karne ya 17. Katika sherehe hizo tartani, kitambaa cha sufu chenye mirabamiraba ya rangi ambacho miaka 40 tu kabla yake kilikuwa kimetoka kifungoni, kilivaliwa na mfalme mwenyewe na mabwana wa kusini ambao babu zao waliwadharau waliokivaa, na alama za ufalme zikapitishwa kwa msafara kutoka Kasri la Holyroodhouse hadi kwenye ngome. Barabara hiyo ya mteremko, isiyofika hata kilomita mbili, ndiyo inayotumiwa leo na takriban kila ziara ya miguu ya jiji, na waongoza watalii wengi huanzia kwenye ngome na kuishia kwenye kasri kwa sababu nyepesi kwamba kushuka hakuchoshi kama kupanda.

Malkia Victoria aliongeza jambo ambalo Scott hakuwa nalo, yaani ufalme unaoishi palepale. Yeye na mumewe Albert walifika Uskoti kwa mara ya kwanza mwaka 1842, wakapanga nyumba ya Balmoral katika bonde la mto Dee mwaka 1848, wakainunua mwaka 1852, na jengo jipya lililosanifiwa na William Smith wa Aberdeen likakamilika mwaka 1856. Sehemu za shajara yake ya maisha ya milimani zilizochapishwa mwaka 1868 ziliwapa wasomaji orodha ya vilima na maporomoko ambavyo malkia amevitembelea, na kila penye nyayo za malkia pakawa na sababu ya kusimama. Lakini Balmoral ilileta pia ugumu ambao mpangaji wa ziara anaukabili hadi leo, kwa sababu maneno “ngome ya kifalme” hujumlisha majengo ya aina tatu yasiyofanana hata kidogo. Ngome za Edinburgh na Stirling ni mali ya umma, zikisimamiwa na taasisi ya serikali ya Uskoti iitwayo Historic Environment Scotland, na milango yake iko wazi karibu mwaka mzima. Holyroodhouse ni makao rasmi ya mfalme, hufungwa anapokuwepo au anapopokea wageni. Balmoral ni mali binafsi ya familia ya kifalme, bustani zake hufunguliwa kwa sehemu tu ya mwaka, na vyumba vya ndani vilianza kutembelewa na makundi madogo mwaka 2024. Mpangaji asiyeitambua tofauti hii huuza tiketi ya mlango uliofungwa.

Hadithi na malkia visingetosha kama njia isingekuwepo. Barabara za kwanza zilizopenya Nyanda za Juu zilijengwa na jeshi: kuanzia mwaka 1725 Jenerali George Wade alitengeneza takriban kilomita 400 za barabara na madaraja yapatayo 40, akikusudia askari wafike haraka penye maasi, na mrithi wake William Caulfeild akaendeleza kazi hiyo kwa upana zaidi. Sehemu za njia wanazopita watalii leo kuelekea kaskazini zinafuata mstari huohuo au hukimbia sambamba nao, kwa maana wahandisi wa jeshi walikwisha kutafuta mahali ambapo mlima unakubali kuvukwa. Mgeni anayetazama bonde kupitia dirisha la basi mara nyingi anatazama kutoka mahali palipochaguliwa ili bonde lile lidhibitiwe.

Aliyeunganisha hadithi na usafiri kuwa bidhaa moja ni Thomas Cook, fundi seremala na mhubiri wa kuacha pombe kutoka Derbyshire, ambaye alianza na safari fupi ya treni kati ya Leicester na Loughborough mwaka 1841. Kiangazi cha mwaka 1846 alipeleka Uskoti watu wapatao 350. Reli ilikuwa haijaunganisha Uingereza na Uskoti upande ule, kwa hiyo abiria walipanda treni hadi bandari ya Fleetwood, wakaingia melini hadi Ardrossan, kisha treni tena hadi Glasgow na Edinburgh. Melini vyumba havikutosha, na baadhi ya abiria walikesha sitahani mvua ikinyesha. Pamoja na misukosuko hiyo, muundo ulikuwa umekamilika: bei moja iliyolipwa mapema, kijitabu cha maelezo kilichotolewa kabla ya safari, kundi linalosafiri pamoja, na mtu mmoja anayewajibika kwa kila kiungo cha mnyororo. Cook aliendelea kuleta maelfu ya watu Uskoti hadi mwanzoni mwa miaka ya 1860, kampuni za reli za Uskoti zilipokataa kuendelea kumpa tiketi za punguzo, naye akageukia bara la Ulaya na baadaye mto Nile. Muundo uliotandawaa duniani kote ulifanyiwa majaribio yake magumu katika njia ya Uskoti.

Ziara ya siku moja ya leo, kutoka Edinburgh kupitia Stirling au Callander, Bonde la Glencoe na Fort William hadi Ziwa Ness na kurudi, ina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na huchukua takriban saa 12. Hesabu yake haianzii kwenye uzuri wa mahali. Inaanzia kwenye sheria ya saa za udereva. Dereva wa basi la watalii haruhusiwi kukaa kwenye usukani zaidi ya saa nne na nusu bila mapumziko ya dakika 45, ambayo anaweza kuyagawa kuwa dakika 15 na dakika 30, na kwa kawaida hapaswi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku. Kwa kuwa barabara za milimani hazitoi mwendo mkubwa, safari hiyo hula karibu saa nane za usukani, na saa nne zinazobaki ndizo zote alizonazo mpangaji kwa ajili ya ngome, chakula, vyoo, picha na mashua ziwani. Vituo basi huwekwa mahali ambapo mahitaji matatu yanakutana, yaani pumziko la dereva, vyoo vinavyoweza kuhudumia watu 50 kwa dakika chache, na kitu cha kutazama. Na miji midogo kama Callander, Fort Augustus na Pitlochry imejipatia riziki kwa kuyatimiza yote matatu. Ndiyo maana vilevile kampuni nyingi hutumia mabasi madogo ya viti visivyozidi 16, ambayo leseni yake ya udereva ni ya daraja dogo zaidi, ambayo hupita barabara nyembamba zenye njia moja na vituo vya kupishania, na ambamo dereva na mwongozaji ni mtu mmoja.

Mwanga nao ni mali ya kugawiwa kwa uangalifu. Edinburgh iko karibu na latitudo ya 56 kaskazini, hivyo mwezi Juni mchana huzidi saa 17 na mwezi Desemba hupungua hadi saa 7 hivi. Ziara ileile, kwa saa zilezile, ni safari mbili tofauti kabisa: ya kiangazi inaweza kuiacha Glencoe kwa njia ya kurudi, ilhali ya baridi haina budi kuifikia kabla ya saa nane mchana, na robo ya mwisho ya siku hupitishwa gizani, ambapo maelezo lazima yajitegemee bila msaada wa dirisha.

Kazi ya kueleza yenyewe ina vipimo vyake. Basi kubwa katika barabara za kawaida za Uskoti haliruhusiwi kuzidi takriban kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao hupita mita 22 hivi kila sekunde. Maelezo ya nusu dakika kuhusu mnara ulio kando ya barabara yanapaswa kuanza zaidi ya mita 600 kabla ya mnara kuonekana, yakamilike pale unapotokea, na kisha mwongozaji anyamaze ili abiria waone. Anayeanza kusema baada ya kuona huwa anasimulia kitu kilichokwisha kupita. Mwongozaji mzuri hutaja upande kabla ya kutaja kitu, kwa sababu nusu ya basi haitazami anakotazama yeye, na katika ziara za siku nyingi abiria huhamishwa viti kila asubuhi ili mlima usiwe haki ya upande mmoja. Katika Ufalme wa Muungano, Uskoti ikiwemo, sheria haimlazimishi mwongoza watalii kuwa na leseni. Kilichojaza pengo hilo ni beji ya buluu, alama ya wahitimu wa mafunzo marefu na mitihani ya kuandika na ya kuongoza mahali penyewe, ambao chama chao cha Uskoti kiliundwa mwaka 1959. Beji hiyo ni ya hiari, lakini ubora wa maelezo katika ngome kubwa umejengwa juu yake.

Mfano bora wa ngome inayosema kweli ni Stirling. Ngome hiyo imesimama juu ya mwamba unaotawala mahali ambapo njia ya kaskazini ilivuka mto Forth, na ndani yake Mary Stuart alitawazwa kuwa malkia tarehe 9 Septemba 1543 akiwa na umri wa miezi tisa. Baadaye iligeuzwa kambi, na jeshi lilikata sakafu na kuta mpya ndani ya Ukumbi Mkuu wa Mfalme James wa Nne ili kupata mabweni ya askari. Jeshi lilipoondoka mwaka 1964, palikuwa na njia mbili: kuuacha ukumbi kama ulivyojeruhiwa, au kuurudisha katika hali ya mwanzo wa karne ya 16. Ilichaguliwa njia ya pili, na kazi ilipokamilika mwaka 1999 ukumbi ulikuwa na paa jipya la mbao za mwaloni na kuta za nje zilizopakwa chokaa ya rangi ya dhahabu, rangi iliyotokana na mabaki ya chokaa ya kale yaliyopatikana ukutani. Wakazi wengi wa mji waliozoea mawe ya kijivu walichukizwa. Hata hivyo uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu ukijivu waliouzoea ulikuwa alama ya uchakavu, na wajenzi wa wakati ule hawakukusudia kasri la mfalme lifanane na mwamba ambao lilijengwa juu yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kasri la James wa Tano, lililofunguliwa upya mwaka 2011 kwa sura ya miaka ya 1540. Dari ya chumba cha mfalme ilikuwa na maduara ya mwaloni yenye kipenyo cha karibu mita moja, yaliyochongwa nyuso za wafalme, mashujaa na wachekeshaji wa baraza, nayo yaliteremshwa mwaka 1777 na kutawanyika. Warekebishaji hawakuyapandisha tena yale ya asili. Walichonga mengine, wakayapaka rangi kali na kuyaweka darini, huku ya asili yaliyosalia yakionyeshwa katika chumba chake pekee yakiwa mbao tupu. Kwa ajili ya kuta zilifumwa tapestri, yaani vitambaa vizito vya picha, saba kwa jumla, zinazoonyesha msako wa farasi mwenye pembe moja. Kumbukumbu za mali ya James wa Tano zilitaja tapestri za kisa hicho, lakini hazikusalia. Kwa hiyo wafumaji walifuata seti nyingine ya zama zizo hizo iliyoko katika jumba la makumbusho huko New York, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 12 hadi 2014, sehemu yake ikifanyika mbele ya wageni ndani ya ngome yenyewe. Mgeni wa Stirling hupata mambo matatu kwa pamoja: kitu cha asili, kitu kilichoundwa upya, na maelezo ya ushahidi uliounganisha viwili hivyo. Akiambiwa hivyo, hadhani kwamba rangi zile zimedumu tangu miaka ya 1540. Anajua zimepakwa, na anajua kwa nini.

Basi linapotoka Stirling na kuingia Trossachs, uaminifu huo hupungua. Ziwa Katrine, lile la utenzi wa Scott, ndilo chanzo cha maji ya Glasgow tangu Malkia Victoria alipofungua mfereji wake mwaka 1859, na uso wake ulipandishwa kwa ukuta, hata ufuo wa mchanga uliosifiwa na Scott ukazama. Misitu mirefu ya kijani iliyosongamana kando ya barabara ni, kwa sehemu kubwa, mashamba ya mti uitwao Sitka, wenye asili ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, uliopandwa kwa wingi baada ya serikali kuunda tume ya misitu mwaka 1919 kwa sababu Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimemaliza mbao nyingi za nchi. Vilima vilivyo wazi huko juu vilikuwa na misonobari na miti mingine. Vimebaki wazi kwa sababu kondoo na kulungu hula kila chipukizi linalojitokeza.

Kubwa kuliko hayo ni utupu wa mabonde. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, wenye ardhi, wengi wao wakiwa ni wakuu wa koo walewale waliotakiwa kuwalinda watu wao, waliwahamisha maelfu ya wapangaji ili kupisha kondoo, walioleta kodi kubwa kuliko familia za wakulima. Katika Bonde la Strathnaver, mkoa wa Sutherland, nyumba zilichomwa moto mwaka 1814 na tena mwaka 1819. Baadhi ya waliohamishwa walisukumwa pwani, wengine walikwenda Glasgow, wengine wakavuka bahari hadi Kanada. Ukimya ambao kijitabu cha ziara huusifu kama hali ya asili una tarehe na una watu waliousababisha.

Si kwamba waongozaji hawalijui jambo hili. Wenye mafunzo hulitaja, na wengine hulieleza kwa uchungu wa haki. Tatizo ni la kiufundi. Ziara husimulia kwa kina pale basi linapoweza kusimama, na historia iliyoacha jengo huishinda kwa urahisi ile ya mtu ambaye nyumba yake ilikuwa ya udongo na matawi. Glencoe, ambako askari wa serikali waliua watu wapatao 38 wa ukoo wa MacDonald alfajiri ya tarehe 13 Februari 1692, ina maegesho, jumba la wageni na kisa cha usiku mmoja chenye mwanzo na mwisho. Kuondolewa kwa watu kulikochukua karibu karne nzima hakuna maegesho katika njia ya kwenda Ziwa Ness, kwa hiyo husemwa kwa sentensi mbili kati ya kituo na kituo, abiria wakiwa wanafungua chakula chao.

Dawa yake imekwisha kupatikana, na ni ileile ya Stirling. Katika jumba la wageni la Glencoe, shirika la National Trust for Scotland limejenga nyumba ya udongo wa nyasi na fito zilizosukwa, ikifuata uchimbaji wa akiolojia wa kijiji cha karne ya 17 katika bonde hilohilo, na mgeni anayeingia humo huelewa kwa dakika tano kwamba bonde lilikuwa na majiko, ng'ombe na watoto. Huko Newtonmore, kando ya njia ambayo mabasi mengi hurudia Edinburgh, jumba la makumbusho lililoasisiwa na mtafiti Isabel Frances Grant mwaka 1935 katika kisiwa cha Iona, na baadaye kuhamishiwa bara, linaonyesha kijiji kizima cha miaka ya 1700 kilichojengwa upya, nalo hufunguliwa katika miezi ileile ambayo ziara huwa nyingi. Waandaaji wa ziara hawahitaji barabara mpya wala saa ya ziada. Wanahitaji kuyahamisha mapumziko ya dereva, yale ya dakika 45 ambayo sheria imekwisha kuyalazimisha, kutoka kwenye duka la zawadi hadi kwenye kijiji hicho. Naye msomaji atakayejaliwa kwenda Uskoti, kabla ya kulipia tiketi, na aulize basi litasimama wapi wakati wa kurudi, na kama jibu ni duka tu, atafute ziara nyingine.